Meza ya Trastevere: dini ilivyoingia katika vita vya Msumbiji

Tarehe 4 Oktoba 1992, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, walitia saini mjini Roma mkataba uliofunga vita vya miaka 16. Walioandaa meza hawakuwa Umoja wa Mataifa, wala Marekani, wala Ureno iliyowahi kuwa mkoloni. Mwenyeji alikuwa jumuiya ya Wakatoliki walei (waumini wasio mapadri wala watawa) iitwayo Sant'Egidio, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kijana Andrea Riccardi pamoja na wenzake wa sekondari, yenye makao katika jengo lililokuwa konventi ya watawa Wakarmeli, mtaa wa Trastevere.

Kila unapozuka mjadala kuhusu nafasi ya dini katika siasa za dunia, kisa hiki hutajwa. Mara nyingi hutajwa vibaya, kama muujiza: watu wema walisali, maadui wakakumbatiana. Ukikifuata hatua kwa hatua unakuta kitu kingine. Dini ilikuwa sehemu ya ugomvi miaka mingi kabla ya kuwa sehemu ya usuluhishi, na ilipofaulu, ilifaulu kwa sababu ambazo mahubiri yana sehemu ndogo sana ndani yake.

Kanisa lenye deni

Mwaka 1940 Ureno na Vatikani zilikubaliana kuhusu misheni katika makoloni. Lisbon iligharamia misheni za Kikatoliki, nazo zikabebeshwa kazi ya kusomesha Waafrika. Maaskofu walitakiwa kuwa raia wa Ureno. Kwa hiyo mtoto wa kijijini aliyetaka kujua kusoma alipita mlango wa padri, na juu ya mlango huo ilipepea bendera ya mkoloni.

Si wote waliokubali. Mwaka 1971 Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana kama Mapadri Weupe, waliondoka Msumbiji kwa pamoja wakipinga ushirika huo. Mauaji ya Wiriyamu mkoani Tete, Desemba 1972, yalijulikana duniani kwa sababu mapadri walikusanya majina ya waliouawa na kuyatoa nje. Papa Paulo wa Sita mwenyewe aliwapokea Julai 1970 viongozi watatu wa harakati za ukombozi, akiwemo Marcelino dos Santos wa Frelimo, na Lisbon ikakasirika kwelikweli. Lakini Frelimo walipopiga hesabu ya jumla, waliona Kanisa liko upande wa bwana.

Frelimo, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilichukua nchi Juni 1975. Mwezi mmoja baadaye kilitaifisha shule na hospitali za misheni. Mwaka 1977 kikatangaza rasmi kufuata Umaksi na Ulenini. Makanisa mengi yalifungwa. Mashahidi wa Yehova walihamishiwa kwa maelfu katika kambi za Carico, mkoani Zambezia. Waislamu wa kaskazini, waganga, machifu wa jadi, wote walitiwa kapu moja na kuitwa mabaki ya giza. Naliona hili kuwa kosa la hesabu kuliko la itikadi. Serikali changa yenye watumishi wachache ilijitenga na watu pekee ambao tayari walikuwa na mtandao hadi kijiji cha mwisho.

Renamo iliundwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia, yaani Zimbabwe chini ya utawala wa walowezi, na nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1980 ikarithiwa na jeshi la makaburu wa Afrika Kusini. Hilo halina ubishi. Lakini kundi lililoundwa nje lilikuta ndani kuni kavu: machifu waliovuliwa vyeo, wakulima waliosukumwa kwenye vijiji vya pamoja, waumini waliofungiwa nyumba za ibada. Renamo ikajitangaza mtetezi wa dini na mila, huku ikiteka watoto, ikichoma zahanati na kuua hata wamisionari. Hadi vita vinakwisha, inakadiriwa watu milioni moja walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa na maradhi, na Malawi peke yake ilihifadhi wakimbizi wapatao milioni moja.

Njia ya askofu ilipita kwa wakomunisti

Jaime Gonçalves alisoma Roma miaka ya 1970, na huko akazoeana na vijana wa Sant'Egidio. Mwaka 1976 alifanywa askofu wa Beira, mji wa bandari katikati ya eneo ambalo baadaye liliungua kuliko mengine. Aliporudi Roma kuwaeleza rafiki zake jinsi Kanisa lilivyobanwa, hawakumpeleka kwa balozi wala kwa kardinali. Walimpeleka kwa Enrico Berlinguer, katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Italia.

Hapa ndipo napaona moyo wa kisa chote. Frelimo haikuwa na sababu ya kumsikiliza askofu. Ilikuwa na kila sababu ya kuwasikiliza wakomunisti wa Italia, ambao tangu wakati wa mapambano, hasa kupitia mji wa Reggio Emilia, walikuwa wamewapa dawa na misaada mingine. Basi malalamiko ya Kanisa yakafika Maputo yakiwa yamepitia mdomo wa komredi. Anayetaka kujifunza diplomasia ya dini aanzie hapa: watu wa imani waliotambua kwamba neno lao halina uzito mahali fulani, wakatafuta nani ana uzito huo, bila kujali kama anaamini Mungu.

Baada ya hapo Sant'Egidio ilianza kupeleka misaada, ikiwemo meli za chakula. Maafisa wa Frelimo wakawazoea. Mwaka 1985 Rais Samora Machel alikutana na Papa Yohane Paulo wa Pili huko Vatikani. Mwaka uliofuata Machel akafa katika ajali ya ndege pale Mbuzini, na Chissano akashika nafasi yake. Maaskofu wa Msumbiji nao hawakunyamaza. Waraka wao wa kichungaji wa mwaka 1987 ulitaka serikali izungumze na Renamo, wakati ambapo lugha rasmi ya Maputo haikukubali hata jina la Renamo. Waliitwa majambazi wenye silaha, na jambazi hafanyiwi mazungumzo. Serikali iliwajibu maaskofu kwa ukali.

Mwaka 1988 Gonçalves alisafirishwa kwa siri hadi msituni Gorongosa kukutana na Dhlakama. Wawili hawa walikuwa Wandau wote, wenye lugha moja ya mama, na Dhlakama alikuwa amepitia shule ya misheni ya Kikatoliki. Askofu hakukuta zimwi la kwenye magazeti, wala hakukuta malaika. Alikuta mtu aliyechoka na vita, asiyemwamini yeyote, na aliyeogopa kwamba mkutano wowote ungekuwa mtego. Hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko taarifa nyingi za kijasusi za wakati huo, na aliyeipata aliipata kwa kuwa alikuwa askofu wa eneo na ndugu wa lugha.

Nairobi ilikwama wapi

Haikuwa kazi ya Wakatoliki peke yao, ingawa simulizi za Ulaya hupenda kusahau. Baraza la Kikristo la Msumbiji, pamoja na Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilikuwa likisukuma mazungumzo tangu mapema. Chissano alipotoa ruhusa, ujumbe wa viongozi wa Kiprotestanti na Kikatoliki ulikutana na Renamo mjini Nairobi mwaka 1989, kwa uenyeji wa Rais Daniel arap Moi. Marais Moi na Robert Mugabe wakajitwisha upatanishi.

Tatizo lilikuwa wazi. Zimbabwe ilikuwa na maelfu ya askari ndani ya Msumbiji wakilinda njia ya reli na bomba la mafuta kutoka Beira. Renamo ingemwaminije Mugabe? Kenya kwa upande wake ilionekana Maputo kuwa inailea Renamo. Mkutano uliopangwa kufanyika Blantyre mwaka 1990 haukufanyika. Kila jirani aliyejitokeza kupatanisha alikuwa ama na jeshi ama na bidhaa njiani.

Sant'Egidio haikuwa na jeshi wala bandari wala mgodi. Nikilazimishwa kutaja sababu moja ya kufaulu kwake, ningetaja hii kabla ya sala.

Miezi 27

Wajumbe walikutana mara ya kwanza Roma kuanzia tarehe 8 hadi 10 Julai 1990. Serikali iliongozwa na Armando Guebuza, aliyekuja kuwa rais miaka 15 baadaye. Renamo iliongozwa na Raul Domingos. Mwanzoni wenyeji walitaka kuwa mashahidi tu. Baada ya miezi michache wakawa wapatanishi wanne: Riccardi, padri kijana Matteo Zuppi, Askofu Mkuu Gonçalves, na Mario Raffaelli, mwanasiasa wa Kisoshalisti aliyeiwakilisha serikali ya Italia. Tazama mchanganyiko wenyewe: mlei, padri, askofu mzalendo wa nchi yenye vita, na mtu wa serikali.

Riccardi alifungua kwa wazo alilolichota kwa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, kwamba kitafutwe kinachounganisha na kuwekwa kando kinachotenganisha. Kwa maneno matupu ni nasaha ya harusini. Ilivyotumika ndivyo ilivyokuwa na meno. Tamko la pamoja la 10 Julai 1990 liliwaita wote wawili wana wa familia moja kubwa ya Msumbiji. Kwa sentensi hiyo serikali ilikuwa imeacha kumwita mwenzake jambazi bila kulazimika kutangaza kwamba imeacha, na Renamo ikawa imekiri kwamba walio Maputo si vibaraka wa mgeni. Neno la udugu lilifanya kazi ya kisheria ambayo neno la kisheria lisingeweza, maana lile la kisheria lingebishaniwa mwezi mzima.

Mengine yalikwenda kwa kusuasua. Desemba 1990 walikubaliana kuzuia mapigano katika njia za reli za Beira na Limpopo tu, na ukiukaji ukaanza mapema. Itifaki ya kwanza, iliyosema kwamba Renamo ingekuwa chama halali na serikali haitatunga sheria za kupingana na yaliyokubaliwa, ilipatikana Oktoba 1991, zaidi ya mwaka tangu waanze. Ya vyama ikafuata Novemba, na ya uchaguzi Machi 1992. Kuna vipindi ambapo pande mbili hazikukaa chumba kimoja kabisa, na wapatanishi wakawa watarishi wa kupanda na kushuka ngazi. Duru zilikuwa 11 kwa jumla.

Hapa faida ya watu wa dini ilionekana kwa namna ambayo haipendezi kuandikwa kwenye mabango: walikuwa na muda. Balozi hubadilishwa kituo, waziri hupoteza kiti, msuluhishi wa kimataifa ana tarehe ya kuripoti New York. Jumuiya ile ilikuwa nyumbani kwake. Kushindwa kwa duru moja hakukumwondolea mtu kazi.

Mambo ya kijeshi, yaani kambi za kukusanyia wapiganaji, jeshi jipya la pamoja na usimamizi wa usitishaji mapigano, hawakuyajua na hawakujifanya wanayajua. Waliziita Marekani, Ureno, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Mataifa ziingie kama waangalizi. Mugabe, yule yule aliyeonekana hafai, alifanya kazi ya maana mwaka 1992 alipomshawishi Dhlakama akubali kukutana ana kwa ana na Chissano. Wakakutana Roma, na tarehe 7 Agosti wakasaini ahadi ya kumaliza yote kufikia Oktoba.

Mkono mtupu haulambwi

Sasa sehemu ambayo wasimulizi wa miujiza huiruka. Renamo walikuwa watu wa msituni. Kugeuka chama cha siasa kulihitaji nyumba, magari, suti, ofisi. Italia ililipa gharama za mazungumzo. Mfanyabiashara Tiny Rowland wa kampuni ya Lonrho, mwenye mashamba na maslahi ndani ya Msumbiji, alitoa ndege na fedha. Baada ya mkataba, Umoja wa Mataifa ulisimamia mfuko wa kuigeuza Renamo kuwa chama, wenye zaidi ya dola milioni 15, sehemu kubwa ikitoka Italia. Kuita hiyo rushwa ni kurahisisha. Kuiita upendo wa Kikristo ni kurahisisha zaidi. Ilikuwa bei ya kumwonyesha mpiganaji kwamba mjini kuna maisha, na jumuiya ya walei isingeweza kuilipa hata kwa miaka mia.

Isisahaulike pia kwamba upepo ulikuwa umegeuka kabla meza haijatandikwa. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, na mwaka huo huo Frelimo ikaachana na Umaksi. Nelson Mandela alitoka gerezani Februari 1990, na mfadhili wa Renamo, Afrika Kusini, akawa na mashaka yake mwenyewe. Katiba ya vyama vingi ilipitishwa Maputo Novemba 1990. Kisha ukame wa 1991 na 1992 ukamaliza hata cha kuporwa: waasi waliokuwa wakila kwa mkulima walikuta mkulima hana kitu. Mazungumzo haya haya mwaka 1984 yasingefika popote, hata Roma nzima ingefunga na kusali.

Umoja wa Mataifa nao uliokoa mkataba. Wakati wino haujakauka, Angola ilirudi vitani baada ya uchaguzi wa Septemba 1992 uliofanyika majeshi mawili yakiwa bado na bunduki. Kikosi chake cha kulinda amani, ONUMOZ, chini ya Mwitaliano Aldo Ajello, kilipeleka askari na maafisa takriban 7,000 na kikagoma kufika kwenye kura kabla ya wapiganaji kukusanywa. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 1994. Chissano alipata asilimia 53 ya kura za urais na Dhlakama karibu asilimia 34. Bungeni Frelimo viti 129, Renamo 112.

Dini ambazo hazikualikwa Roma

Wakati wajumbe wakibishana Trastevere, huko Zambezia kijana aitwaye Manuel António, aliyedai kwamba alikufa na kufufuka, alikuwa akiwachanja watu dawa iitwayo parama na kuwaambia risasi haitawaingia. Wafuasi wake, Naparama, wengi wakiwa na mikuki tu, waliwafurusha Renamo katika maeneo makubwa ambayo jeshi la serikali lilikuwa limeshindwa. Aliuawa mwaka 1991. Hakuna aliyewaita mezani. Hata hivyo walikuwa ni dini ikifanya siasa, na kwa mkulima wa Zambezia walikuwa na maana kubwa zaidi kuliko tamko lolote la Roma.

Mkataba pia haukugusa hesabu za damu. Siku kumi baada ya kusainiwa, bunge lilipitisha sheria ya msamaha kwa makosa ya vita, na hakuna mahakama wala tume ya ukweli iliyoundwa. Wapatanishi walijua kwamba bila hivyo hakuna aliyewajibika angesaini. Neno la udugu lilikuwa na gharama, na gharama yake ilikuwa kunyamaza. Aliyebeba mzigo uliobaki ni mganga. Kusini, watoto waliorudi kutoka kambi za Renamo walioshwa, nguo walizokuja nazo zikachomwa, wakapitishwa katika matambiko ili waweze kukaa tena na watu. Gorongosa kukazuka mizimu ya gamba, roho za askari waliouawa vibaya, ikiwapanda jamaa za wauaji na kudai kisa chao kisikilizwe hadharani. Katika baraza la mganga palisemwa majina na makosa ambayo bunge lilikuwa limeyafuta kwa kura. Mimi siandiki hapa kuthibitisha mizimu. Naandika kwamba kesi zilisikilizwa, na mahali pa kuzisikilizia hapakuwa na jaji wala askofu.

Makanisa kwa upande wao yalichukua kazi ya chuma. Mwaka 1995 Sengulane na Baraza la Kikristo walianzisha mpango wa kubadilisha bunduki kwa baiskeli, cherehani na majembe. Vipande vya silaha vikapewa wasanii wavigeuze sanamu. Kiti cha enzi kilichotengenezwa kwa bunduki zilizokatwakatwa kipo leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Kwa nini halikurudiwa

Boutros Boutros-Ghali, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alisifu mchanganyiko huo wa serikali na wasio serikali, na watu wakaanza kutafuta namna ya kuunakili. Januari 1995 Sant'Egidio iliwaleta Roma wapinzani wa Algeria, vikiwemo vyama vya FIS, FLN na FFS, wakatia saini jukwaa la pamoja la kumaliza vita vya kwao. Serikali ya Algiers, ambayo haikuwa chumbani, ililikataa mara moja. Zuppi, sasa kardinali na askofu mkuu wa Bologna, alitumwa na Papa Fransisko mwaka 2023 kwenda Kyiv na Moscow. Alirudi na kazi ndogo ya kibinadamu juu ya watoto na wafungwa, vita vikaendelea. Mpatanishi ni yule yule. Ambacho hakikuwepo ni wapiganaji waliochoka pande zote mbili, na mtu wa nje aliye tayari kulipia nyumba na magari.

Hata Msumbiji yenyewe, mambo yalilegea. Renamo ilirudi msituni mwaka 2013; makubaliano mapya yakasainiwa Agosti 2019, Dhlakama akiwa ameshafariki Mei 2018. Na kaskazini, Waislamu wa pwani walikuwa wameiangalia amani ya Roma kama jambo la wengine. Pale bunge lilipojadili mwaka 1996 kufanya sikukuu za Idd kuwa za taifa, zogo lililozuka lilionyesha kwamba swali la nani ni mwana wa ile familia kubwa halijajibiwa. Miaka ya 2010, masheikh wa Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini kabisa, walianza kuonya mamlaka juu ya vijana waliojitenga na misikiti yao na kukataa shule na sheria za serikali. Onyo hilo lilichukuliwa kuwa ugomvi wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe.

Tarehe 4 Oktoba 2017 Msumbiji iliadhimisha miaka 25 ya mkataba wa Roma. Alfajiri ya tarehe 5, vijana wenye silaha walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, mji wa Cabo Delgado.